Mary Katharine Goddard: Mpiga chapa aliyenyang'anywa posta

KATIKA tarafa ya Matombo, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, mtoto wa Kiluguru huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kwa desturi, ardhi ya ukoo nayo hurithiwa kwa upande huo, ingawa usimamizi wake mara nyingi huwa mikononi mwa wajomba.

Katika makoloni ya Uingereza huko Amerika ya Kaskazini, karne ya 18, mambo yalikuwa kinyume. Mali na ujira wa mwanamke aliyeolewa viliwekwa na sheria chini ya mumewe. Ndiyo maana wanawake wengi walioendesha viwanda vya kupiga chapa wakati huo walikuwa wajane, waliobaki na mitambo ya marehemu waume zao.

Mary Katharine Goddard hakuwa mjane, wala hakuolewa maishani mwake. Alizaliwa Connecticut mwaka 1738, binti wa daktari aliyekuwa pia msimamizi wa posta.

Mwaka 1762 mdogo wake wa kiume, William, alianzisha gazeti la Providence Gazette huko Rhode Island kwa fedha alizokopeshwa na mama yao, Sarah. William hakuwa mtu wa kutulia. Alipoondoka kutafuta bahati kwingine, mama na binti ndio waliobaki na kazi.

Ilikuwa kazi ngumu. Herufi za risasi zilipangwa moja moja kwa mkono, zikisomeka kinyumenyume, kisha zikapakwa wino na kukandamizwa juu ya karatasi, ukurasa baada ya ukurasa.

Baada ya kupitia Philadelphia, familia hiyo ilihamia Baltimore, ambako mwaka 1773 William alianzisha gazeti la Maryland Journal. Muda si mrefu aliondoka tena, akamwachia dada yake mtambo, duka na wasomaji. Kuanzia Mei 1775, gazeti lilitoka likiwa na jina la M. K. Goddard kama mchapishaji wake.

Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa mkuu wa posta wa Baltimore. Vita vya kudai uhuru vilipopamba moto, fedha zikawa adimu. Alipokea vyakula kama malipo ya gazeti, na aliwalipa wabeba barua kutoka mfukoni mwake.

Desemba 1776 wajumbe wa Bunge la makoloni yaliyoasi walikimbilia Baltimore, wakihofia jeshi la Uingereza. Nakala za kwanza za Tangazo la Uhuru, zilizochapwa Julai mwaka huo, hazikuwa na orodha ya waliotia saini. Januari 18, 1777 Bunge liliagiza ichapwe nakala yenye majina hayo, na kazi hiyo ikafanywa na Goddard.

Machoni mwa Mfalme wa Uingereza huo ulikuwa uhaini. Hata hivyo mwanamama huyo, aliyezoea kuandika herufi za mwanzo tu za majina yake, safari hii alichapa jina lake kamili chini ya karatasi ile.

Uhuru ulipopatikana, mambo yalimgeukia. Mwaka 1784 aligombana na William na kulipoteza gazeti alilolilea kwa miaka kumi. Mwaka 1789 aliondolewa posta, kwa maelezo kwamba kazi hiyo sasa ingehitaji safari nyingi ambazo mwanamke asingezimudu. Nafasi yake akapewa mwanamume.

Zaidi ya wakazi 200 wa Baltimore walitia saini kupinga uamuzi huo. Goddard mwenyewe alimwandikia Rais George Washington, kisha Baraza la Seneti, lakini hakurejeshwa kazini. Utumishi wa miaka 14 haukumpa haki ya kudumu juu ya kiti alichokikalia.

Kilichobaki ni duka lake la vitabu, aliloliendesha kwa miaka mingi baadaye.

Hata hivyo, mwanamke huyo aliyepigania haki yake alikuwa naye akimmiliki mtumwa, Belinda Starling. Goddard alipofariki Agosti 1816, wosia wake ulimpa Belinda uhuru na kumrithisha mali yake.

Nakala chache za Tangazo lile zimesalia hadi leo, na jina la mchapaji wake lingali linasomeka chini yake.