Amiri Abdulqadir Al-Jazairi

Wengi wetu humkumbuka Amiri Abdulqadir kwa upanga wake. Alizaliwa mwaka 1808 karibu na Mascara, na tangu 1832 hadi 1847 aliongoza jihadi dhidi ya Wafaransa walioivamia Algeria. Hata vitani aliwakataza askari wake kuwadhuru mateka. Aliposalimu amri, Wafaransa walivunja ahadi na kumfunga hadi 1852. Hatimaye akahamia Damascus, akawa anasomesha.

Julai 1860 makundi yenye silaha yalivamia mtaa wa Wakristo mjini humo, yakiua na kuchoma nyumba. Mtu aliyetendewa hayo na Wafaransa angeweza, kibinadamu, kujifungia ndani. Yeye alitoka na Waalgeria wenzake, wakapita vichochoroni wakiwakusanya Wakristo. Nyumba yake ilipofurika, wakawasindikiza hadi kwenye ngome ya mji. Aliahidi fedha kwa kila atakayemletea Mkristo akiwa hai. Wauaji walipofika mlangoni wakitaka wakabidhiwe watu hao, aliwakatalia, akawakemea kwamba wanaivunja Sharia. Maelfu waliokoka.

Serikali za Ulaya zilimtunukia nishani. Naye alimwandikia askofu wa Algiers kwamba alitimiza tu wajibu wa Sharia na utu. Alifariki mwaka 1883, akazikwa Damascus jirani na kaburi la Ibn Arabi.