Verner Suomi, mutoto wa muji wa chuma aliyepima joto la dunia

Verner Edward Suomi alizaliwa tarehe 6 Desemba 1915 ku Eveleth, muji mudogo wa jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani. Pale kila nyumba ilikula kwa njia ya chuma. Udongo wa Mesabi ulitoa mawe ya chuma ya kulisha fabrike kubwa za inchi ile. Baba yake alikuwa fundi wa mbao wa kampani ya mine. Wazazi wote wawili walitoka Finland, na hata jina lao ni jina la inchi: kwa luga ya kwao, Suomi ni Finland yenyewe. Ni kama mutu wa kwetu aitwe Bwana Kongo.

Mwaka 1916, mutoto huyu akiwa bado mugongoni, wachimbaji wa Mesabi walisimamisha kazi. Waliomba saa 8 za kazi kwa siku, walipwe mara mbili kwa mwezi, na ile desturi ya kulipa mutu kufuatana na wingi wa mawe aliyotoa iishe, sababu bei ilikuwa ndani ya mikono ya wakubwa. Grevi ile iliisha bila kampani kukubali sendika. Sisemi kama mutoto wa miezi michache alijua kitu. Nasema tu alikomalia mahali gani: ku muji wa mine, hata mutoto anasikia wazazi wakiuliza nani anashika baskili.

Suomi hakuingia ku mine. Alimaliza masomo ya ualimu ku Winona mwaka 1938, akafundisha sayansi ku masomo ya sekondari miaka kadhaa. Vita ilipofika, jeshi la ndege lilitafuta watu wa kusoma hali ya hewa. Akaenda ku chuo kikuu cha Chicago, akafundishwa na Carl-Gustaf Rossby, Musuedi aliyekuwa mukubwa kati ya watu wa meteo. Mwaka 1948 akaingia ku chuo kikuu cha Wisconsin, muji wa Madison, na pale alikaa mupaka mwisho.

Kazi yake ya udaktari, aliyomaliza mwaka 1953, ilifanyika ndani ya shamba la mahindi. Swali lilikuwa nyepesi kulisema, nguvu kulijibu: jua linaleta joto ngapi ndani ya shamba, na joto ngapi linatoka? Ile inayobaki inafanya kazi gani? Inakausha udongo, inapandisha muvuke, inakomalisha muhindi. Ni hesabu ya duka: ya kuingia, ya kutoka, ya kubaki. Kisha shamba, Suomi akawaza kufanya hesabu hiyo kwa dunia nzima. Lakini dunia haina ukingo wa kusimama na kipimo mukononi. Lazima upande juu.

Wakati ule Marekani ilianza kurusha satelite. Suomi na mwenzake Robert Parent, enjenyeri wa umeme, walitengeneza kipimo kidogo ambacho mutu angeweza kuzania ni muchezo wa watoto: nusu za mupira mudogo, zingine rangi nyeusi, zingine nyeupe. Nyeusi inameza mwangaza wa jua na joto la dunia, vyote viwili. Nyeupe inarudisha mwangaza wa jua, lakini inapokea joto la dunia. Ukilinganisha joto la nyeusi na la nyeupe, unatenga hesabu: hii ni ya jua, hii ni ya dunia. Katikati ya mwaka 1959, roketi mbili zilizobeba vipimo vyao ziliharibika, moja mwezi wa Juni, ingine mwezi wa Julai. Tarehe 13 Oktoba, ya tatu ilifika. Jina la satelite lilikuwa Explorer 7.

Namba zilipoanza kushuka kwa redio, zilionyesha kama mawingu ndiyo yanacheza kazi kubwa ndani ya hesabu ile. Miaka kumi nyuma, Suomi pamoja na mwanafunzi wake Thomas Vonder Haar walikusanya vipimo vya satelite nyingi. Wakaona dunia inarudisha karibu 30 kwa 100 ya mwangaza wa jua, chini ya ile iliyoandikwa ku vitabu. Dunia ilikuwa nyeusi zaidi na yenye joto zaidi kuliko wenye akili walivyozania, zaidi sana ku maeneo ya katikati, upande wetu huu wa jua kali.

Hapa nisimame kidogo. Kila mutu anayechimba na mikono anajua namna tunauzaka. Mununuzi anaweka gunia juu ya baskili, anapima teneri na mashini ndogo, namba inatoka, bei inafuata namba. Nani anauliza kama baskili ile ilijaribiwa na jiwe la kilo ngapi, na lini? Niliona gunia moja likipata uzito mbili ku depo mbili, siku ileile moja. Suomi aliishi na swali hilo maisha yake yote, lakini kwake lilikuwa baya zaidi, maana baskili yake ilikuwa juu mbinguni. Kipimo kikisharushwa, hakuna fundi wa kupanda kukirudisha sawa. Rangi nyeupe inaungua na jua, kioo kinachoka. Kama kamera inapofuka polepole, kila mwaka kidogo, mutu wa chini atazania mawingu yanazidi kuwa membamba. Atatangaza dunia imebadilika, kumbe ni jicho limezeeka.

Satelite za kwanza za picha zilikuwa na shida ingine: zilipita haraka. Zinaona wingu, zinaenda, zikirudi wingu limeisha kunyesha. Suomi na Parent wakapata njia. Ukiweka satelite juu ya mustari wa katikati ya dunia, karibu kilometre 36.000, inazunguka sawasawa na dunia, na kwetu inaonekana imesimama. Satelite ile inajizungusha yenyewe kama pia ya watoto, mara 100 kwa dakika, isianguke. Wengine waliona muzunguko huo kuwa kizuizi cha kupiga picha. Wao wakautumia: kila muzunguko, kamera inafagia mustari mumoja wa dunia, kisha jicho linainama kidogo, mustari mwingine. Mistari 2.000 hivi, dakika karibu 20, na picha nzima iko pale. Desemba 1966 kamera hiyo ilipanda na satelite ATS-1 juu ya bahari ya Pasifiki. Mwaka uliofuata ATS-3 ilileta picha za rangi. Kwa mara ya kwanza watu waliona mawingu yakitembea, siku nzima, mahali pamoja.

Kisha kazi ikawa ya karatasi, na kazi ya karatasi inaua. Picha zilirundikana. Kwa kujua upepo, lazima ujue wingu fulani lilikuwa wapi saa nne na wapi saa nne na nusu, na satelite yenyewe inayumba kidogo. Kikundi cha Suomi, mwanzo wa miaka ya 1970, kilijenga programu na mashini vilivyoitwa McIDAS: mutu anakaa mbele ya kioo, ordinatere inapanga kila nukta ya picha mahali pake juu ya ramani, jicho la mutu linachagua wingu, mashini inahesabu mwendo wake. Ile namna ya kuona mawingu yakitembea ku televizyo ilitoka ku kazi ya namna ile.

Mwaka 1974 kazi ilifika Afrika. Meli karibu 40 na ndege zaidi ya kumi zilikutana kwa majaribio makubwa ya bahari ya Atlantiki, na makao yalikuwa Dakar, Senegal. Suomi alikuwa anaongoza kamati ya Marekani kwa programu hiyo ya dunia nzima. Walitaka kuelewa mvua za inchi za joto, zile za mawingu marefu zinazoanguka ghafula. Sisi tunazijua. Kati ya Novemba na Machi, mvua moja ya namna ile inatosha kufunga shimo na watu ndani.

Mwaka 1983, inchi mbalimbali zilianza kukusanya picha za satelite zote ili kuhesabu mawingu ya dunia. Satelite za Marekani, za Wazungu wa Ulaya na za Wajapani zilikuwa bado zinazunguka namna ya kamera ya Suomi. Lakini kila moja ilikuwa na jicho lake, na hazikupatana. Ku Lannion, Ufaransa, watu walichukua satelite moja inayopita kutoka ncha hadi ncha, wakaifanya kuwa jiwe la baskili: mahali pamoja, saa moja, kila satelite inalinganishwa nayo. Kisha kusawazisha, wakapata kama mawingu yanafunika karibu sehemu mbili juu ya tatu za dunia.

Suomi alikufa tarehe 30 Julai 1995 ku Madison, miaka 79. Satelite iliyorushwa Oktoba 2011 ilipewa jina lake mwaka uliofuata. Inapita juu ya kila inchi, yetu pia, karibu saa saba na nusu muchana. Kimoja cha vipimo vyake kinapima mwangaza unaorudi na joto linalotoka, hesabu ileile ya 1959. Kingine, kamera ya mawingu, kina kibao cheupe ambacho jua linakipiga ili kamera ijijaribu, na kwa sababu kibao nacho kinazeeka, waliweka chombo kingine cha kuchunga kibao. Tena mara kwa mara wanaielekeza ku mwezi, ambao rangi yake haibadiliki.