Bruce McLaren, Fundi wa Magari ya Mashindano

Katika bahari kuu ya kusini, upande wa mashariki wa Australia, iko nchi ya visiwa iitwayo New Zealand. Mji wake ulio mkubwa kuliko yote ni Auckland, na huko ndiko alikozaliwa Bruce McLaren, tarehe 30 Agosti mwaka 1937. Baba yake alikuwa na kituo cha kuuzia petroli pamoja na karakana ya kutengenezea motokaa, na katika ujana wake alikuwa akishindana kwa pikipiki. Basi mtoto huyu alikua katikati ya harufu ya mafuta na mlio wa nyundo.

Alipopata umri wa miaka 9 alianza kuchechemea. Waganga walimpima, wakaona ana ugonjwa wa nyonga. Ugonjwa huu huwapata watoto: damu haifiki sawasawa kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa hulegea, na mtoto akiukanyagia huharibika umbo lake. Tiba ya siku zile ilikuwa kutousimamia mguu kabisa mpaka mfupa upone wenyewe. Bruce alipelekwa katika nyumba ya kutunzia watoto walemavu, akalazwa chali juu ya fremu, miguu yake imefungwa ili asiisogeze. Alikaa hivyo muda wa miaka 2 hivi.

Fikirini, ninyi mnaosoma, jinsi ilivyo taabu kwa mtoto kulala mchana kutwa na kuwasikia wenziwe wakicheza nje. Wazazi wake hawakuwa na hakika kama atatembea tena. Lakini mfupa ulipona, naye akainuka. Hata hivyo mguu wake wa kushoto ulibaki mfupi kuliko wa kuume kwa inchi moja na nusu, akachechemea maisha yake yote. Kucheza mpira kama wavulana wengine hakuweza. Ila kwenye usukani mguu mfupi haukumzuia.

Baba yake alinunua motokaa ndogo kuukuu, Austin iliyotengenezwa mwaka 1929, nayo ilikuwa mbovu sana. Baba na mwana wakaitengeneza pamoja, kipande kwa kipande. Kwa kazi hiyo Bruce alijifunza jambo ambalo madereva wengi hawalijui, yaani sababu ya kila kitu kilichomo ndani ya gari: kwa nini hiki kimewekwa hapa, na kile kikilegea huleta madhara gani. Mwaka 1952, akiwa bado kijana mdogo, aliingia katika shindano lake la kwanza kwa gari hilo hilo. Baadaye akaenda chuoni kusomea uhandisi.

Mwaka 1958 chama cha mashindano ya motokaa cha New Zealand kilianza kumchagua kijana mmoja na kumsaidia aende Ulaya kujaribu uwezo wake. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Bruce McLaren. Akasafiri mpaka Uingereza, akapokewa katika kiwanda cha Cooper kwa msaada wa dereva mmoja mashuhuri wa Australia, Jack Brabham.

Kiwanda cha Cooper kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa kimegeuza desturi ya zamani. Tangu mwanzo mafundi wengi walizoea kuweka injini mbele ya dereva, kama farasi anavyofungwa mbele ya gari lake. Watu wa Cooper waliiweka nyuma ya dereva. Kwa hiyo haukuhitajika tena mhimili mrefu wa kupeleka nguvu kutoka mbele hadi magurudumu ya nyuma. Dereva aliweza kukaa chini zaidi, gari likawa jepesi na la kimo kifupi, nalo likapita kwenye kona upesi kuliko magari makubwa yenye nguvu nyingi. Katika karakana hiyo Bruce hakuwa dereva tu. Alishirikiana na mafundi katika kufikiri na kuchora.

Tarehe 12 Desemba 1959 palikuwa na mashindano makubwa huko Sebring, Marekani. Brabham alikuwa mbele ya wote, na Bruce alimfuata. Zilipobaki hatua chache za mwisho, petroli ya Brabham ilikwisha, ikambidi ashuke na kulisukuma gari lake kwa mikono mpaka kwenye mstari. Bruce akapita, akashinda. Umri wake ulikuwa miaka 22, na hapana kijana wa umri huo aliyekuwa ameshinda shindano la Grand Prix katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Sifa hiyo alikaa nayo mpaka mwaka 2003.

Mtu mwingine angaliridhika na sifa hiyo, lakini Bruce alitamani kutengeneza magari kwa mawazo yake mwenyewe. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake. Karakana ya kwanza ilikuwa banda duni karibu na London, na wafanyakazi walikuwa wachache wa kuhesabika. Mwanzo wenyewe ulikuwa wa huzuni. Mwezi wa Februari 1964, huko Tasmania, kijana wa Marekani aliyekuwa akiendesha gari la pili la kampuni, Timmy Mayer, alipata ajali katika mazoezi akafa. Hivyo tangu siku za kwanza Bruce na wenziwe waliijua gharama ya kazi yao. Ndugu wa marehemu, Teddy Mayer, hakuondoka kwa uchungu. Alibaki na Bruce, akawa mmoja wa nguzo za kampuni.

Sasa na tuangalie namna alivyofanya kazi. Siku moja alikuwa akijaribu gari jipya. Alipokuwa akienda mbio aliona kifuniko kidogo kilicho mbele yake kikipigapiga, kikiinuka na kushuka. Kwanza alikasirika, akidhani mafundi hawakukifunga vema. Kisha akaanza kujiuliza. Upepo unaopita juu ya gari ungepaswa kukikandamiza kifuniko kile, mbona kinainuka? Jibu lilikuwa moja tu: hewa iliyonaswa chini ya bodi ilikuwa na nguvu kuliko hewa ya juu, nayo ndiyo iliyokuwa ikikisukuma. Akasimama, akashuka, akachukua mkasi wa bati, akakata tundu katika bodi nyuma ya rejeta ili hewa ile ipate njia ya kutoka. Aliporudi njiani gari lilikwenda kasi kuliko kwanza. Hewa haikuinua tena pua ya gari, na magurudumu ya mbele yakashika ardhi vizuri. Wengi wangaligombeza fundi na kukaza kifuniko, na mambo yangaliishia hapo. Yeye aliuliza sababu, na kwa kuuliza alipata elimu.

Si kila alilobuni lilifaulu. Mwaka 1966 alipeleka gari lake la kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwili wa gari hilo ulijengwa kwa mabamba yaliyotokana na ufundi wa ndege: bati jembamba la alumini juu, bati jembamba chini, na katikati mti mwepesi wa balsa. Mwili ulikuwa imara ajabu, usiopinda. Lakini injini ilikuwa nzito, yenye kelele nyingi na nguvu haba, na mwaka ule wote gari lilipata sifa ndogo. Bruce hakukata tamaa wala hakuwalaumu wenziwe. Katika mwezi wa Juni mwaka huo huo yeye na Chris Amon, Mnew Zealand mwenzake, waliendesha gari la Ford, wakashinda shindano la saa 24 huko Le Mans, Ufaransa.

Mavuno ya subira yalikuja mwaka 1967. Huko Kanada na Marekani palikuwa na mashindano ya magari mapana yenye injini kubwa mno, na sheria zake hazikumfunga sana mbuni. Bruce na mafundi wake walitengeneza gari jipya, wakalipaka rangi ya chungwa iliyong'aa, wakalijaribu kwa siku nyingi kabla ya shindano la kwanza, wakipima kila badiliko na kuliandika. Katika mashindano 6 ya mwaka huo magari yao yalishinda 5, na Bruce akawa bingwa. Mwaka 1968 ubingwa ulichukuliwa na mwenzake Denny Hulme, naye pia mtu wa New Zealand. Mwaka 1969 yalikuwapo mashindano 11, na magari ya McLaren yakashinda yote 11. Bruce akawa bingwa mara ya pili.

Magari ya mwaka 1969 yalikuwa na bawa pana lililosimama juu nyuma ya dereva. Bawa la ndege hupokea upepo likaiinua ndege. Bawa la gari hupinduliwa, upepo ukaligandamiza gari chini. Gari linalogandamizwa hivyo hushika ardhi kwa nguvu, hata likaweza kupita kwenye kona bila kuteleza, ingawa uzito wake haukuongezeka.

Hata katika mashindano ya ubingwa wa dunia siku yake ilifika. Mwezi wa Juni 1968, huko Spa, nchini Ubelgiji, alimaliza shindano akidhani amekuwa wa pili, kumbe aliyekuwa mbele yake alikuwa amesimama kwa kupungukiwa na petroli, na Bruce alipita bila kujua. Ikabidi watu wamweleze kwamba ndiye mshindi. Kabla yake ni Brabham na Dan Gurney tu waliokuwa wameshinda shindano la ubingwa huo kwa gari walilolitengeneza wenyewe.

Tarehe 2 Juni 1970 Bruce alikuwa Goodwood, Uingereza, akilijaribu gari jipya kwa ajili ya mashindano ya Kanada. Alipokuwa katika sehemu ya njia iliyonyooka, bodi ya nyuma ilibanduka, ikaruka. Na kwa kuwa bodi hiyo ndiyo iliyopokea upepo wa kuligandamiza gari, magurudumu ya nyuma yakapoteza mshiko ghafula. Gari likazunguka, likagonga ukuta wa kibanda cha walinzi wa njia, naye akafa pale pale. Umri wake ulikuwa miaka 32. Aliacha mke na binti mdogo. Alizikwa kwao, Auckland.

Watu wengi walidhani kampuni itakufa pamoja naye. Denny Hulme, ambaye angaliweza kuwaongoza, alikuwa ameungua mikono kwa moto huko Indianapolis mwezi uliotangulia. Lakini asubuhi ya pili mafundi walikuja kazini, ingawa hawakulazimishwa. Walichunguza, walirekebisha, wakafunga masanduku, wakasafiri. Tarehe 14 Juni, siku 12 baada ya ajali, magari ya rangi ya chungwa yalisimama kwenye mstari huko Mosport, Kanada. Gurney alikaa mahali pa Bruce, akashinda. Hulme aliendesha na mikono yake imefungwa vitambaa, akawa wa tatu. Mwisho wa mwaka ubingwa ulikuwa wao tena.

Kazi ile haikukoma. Mwaka 1974 gari la McLaren lilimpa Emerson Fittipaldi, Mbrazili, ubingwa wa dunia. Miaka 50 baadaye, mwaka 2024, timu hiyo yenye jina lake ilishinda ubingwa wa watengenezaji, na magari yake yalikuwa bado na rangi ya chungwa.

Kuna mafundi wanaoficha ujuzi wao ili wategemewe wao peke yao. Nao wakiondoka, kazi huondoka nao. Bruce McLaren alifanya kazi katikati ya wenziwe, na alichokiona aliwaonyesha. Mtoto aliyelazwa miaka 2 bila kusimama aliishi miaka 32 tu, lakini alipoanguka walikuwapo watu waliojua cha kufanya kesho yake.