Karamojo Bell: Fundi wa risasi nyembamba

SHABIKI wa soka anajua shuti kali siyo lazima liwe bao. Kipa anafungwa na mpira uliowekwa pale mkono wake usipofika. Walter Bell aliishi kwa kanuni hiyo hiyo, ila yeye kazi yake ilikuwa bunduki.

Alizaliwa Scotland mwaka 1880, akabaki yatima akiwa bado mdogo. Ujana wake akautumia Kanada enzi za kukimbilia dhahabu, akiwinda na kuuza nyama, kisha akapigana Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Baada ya hapo akatua Afrika Mashariki kusaka pembe za ndovu. Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ndiko alikopata jina la Karamojo Bell.

Wawindaji wengi wa wakati ule walibeba midude mikubwa. Zipo zilizofyatua kichwa cha risasi cha gramu 58, na teke lake begani usipime. Bell akaja na Rigby ya milimita 7, kichwa cha risasi gramu 11 tu. Ukimtazama unasema huyu anakwenda kuwinda swala.

Kumbe siri ilikuwa kwenye kulinganisha vitu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha risasi, na mzunguko huo ndio unaoifanya inyooke hewani. Kichwa kizito kwenye tundu dogo lazima kiwe kirefu, na kirefu kinataka mzunguko wa haraka. Usipotosha, kinayumba na shabaha inapotea. Mauser ya milimita 7 ilitengenezwa kwa ajili ya kichwa hicho hicho cha gramu 11, mifereji yake ikikamilisha mzunguko mmoja kila milimita 220. Mtutu na risasi vilielewana kama winga na straika.

Faida ya pili ilikuwa kwenye mfupa. Kichwa chepesi au laini kingepasuka njiani. Cha Bell kilikuwa kirefu, chenye gamba gumu, kikapenya bila kupinda. Naye hakubahatisha: alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi.

Hesabu yake ilifika tembo 1,011, wengi kwa bunduki hiyo ndogo. Wakati ule ilikuwa biashara na sifa. Leo, tembo wakilindwa kwa mtutu dhidi ya majangili, namba hiyo inauma. Ustadi ule ulikuwa na bei, na aliyeilipa siyo Bell.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akawa rubani wa kivita, hadi kwenye anga la Tanganyika. Alifariki Scotland mwaka 1954.

Somo lake limebaki viwanja vya shabaha. Mlenga shabaha wa Olimpiki anatumia risasi ya gramu 2.6 tu, na kabla ya mashindano anajaribu aina moja baada ya nyingine mpaka apate ile ambayo mtutu wake unaikubali. Nguvu inakuja baadaye.