Kaburi la Ben Hall: Kumbukumbu si Msamaha

Katika mji wa Forbes, ulioko kilomita 370 hivi magharibi mwa Sydney nchini Australia, pana kaburi ambalo wageni hawakomi kulizuru. Aliyelala humo hakuwa gavana wala mwanachuoni, hakuwa kasisi wala tajiri wa dhahabu. Alikuwa mnyang'anyi wa barabarani, na jina lake ni Ben Hall. New South Wales, ambayo zama hizo ikiwa koloni la Mwingereza iliahidi pauni 1,000 kwa atakayewezesha kukamatwa kwake, leo imeliandikisha kaburi lake katika daftari la turathi za jimbo. Kulibomoa ni kuvunja sheria. Mtu aliyesakwa na sheria angali hai, mifupa yake sasa inalindwa na sheria.

Je, ni haki serikali kumtunzia kaburi mhalifu wake yenyewe? Swali hili linatuhusu sisi tunaofundisha na nyinyi mnaofundishwa, na haliwezi kujibiwa kabla ya kuyajua maisha ya marehemu.

Hall alizaliwa tarehe 9 Mei 1837. Wazazi wake wote wawili walifikishwa Australia wakiwa wafungwa, baba akitoka Uingereza na mama Ireland, kwani koloni hilo lilianzishwa mwaka 1788 liwe jela ya ng'ambo. Walipomaliza vifungo vyao walijitafutia riziki, na mwana wao akakua akiijua kazi ya farasi na ng'ombe. Mwaka 1856, kabla hajatimiza miaka 20, alimwoa Bridget Walsh, binti wa mfugaji. Mwaka 1859 wakajaliwa mtoto wa kiume, Henry. Hall akashirikiana na mwanyumba wake, yaani mume wa dada ya mkewe, kukodi ardhi ya malisho mahali paitwapo Sandy Creek. Kwa kila kipimo cha wakati ule, alikuwa kijana mwenye mwelekeo.

Hapa inafaa tutaje jambo ambalo wasimulizi wengi wa kisa hiki hulipita kimyakimya. Ardhi hiyo iliyokodishwa na kupiganiwa ilikuwa ya Wawiradjuri, wenyeji walioishi humo tangu kale, na ambao hawakulipwa chochote iliponyakuliwa. Katika koloni hilo aliyeiba farasi aliitwa mwizi. Aliyetwaa bonde zima aliitwa mlowezi. Msamiati wa uhalifu aghalabu hutungwa na mwenye nguvu.

Mwaka 1861 dhahabu ikagunduliwa Forbes. Maelfu ya watu wakafurika, na barabara zikajaa mali na wanaoivizia mali. Mmoja wa wavizia njia hao alikuwa Frank Gardiner. Mnamo Aprili 1862 Hall alikamatwa na Inspekta Sir Frederick Pottinger kwa madai ya kushiriki katika unyang'anyi pamoja na Gardiner. Korti haikumpata na hatia. Hata hivyo, siku hizo hizo nyumba yake ilikuwa ikibomoka: mkewe alimwacha, akaenda na mwanamume mwingine, na mtoto akamchukua.

Tarehe 15 Juni 1862, karibu na Eugowra, genge la Gardiner liliuvamia msafara wa serikali uliosafirisha dhahabu. Aunsi 2,700 hivi za dhahabu zilichukuliwa, pamoja na pauni 3,700 taslimu. Hall anahesabiwa miongoni mwa waliokuwepo. Alikamatwa tena, akazuiliwa, kisha akaachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Inasimuliwa kwamba aliporudi Sandy Creek alikuta nyumba yake imeteketezwa na polisi, na ng'ombe wake wamekufa kwa kiu zizini. Tangu hapo hakurudi tena kwenye maisha ya ufugaji.

Gardiner alipoikimbia sehemu hiyo, Hall akawa kiongozi. Wenzake wakuu walikuwa John Gilbert, John O'Meally, Mickey Burke na John Vane. Mnamo Oktoba 1863 waliushika mji mdogo wa Canowindra kwa siku tatu. Wakazi walikusanywa hotelini, wakalishwa na kunyweshwa kwa gharama ya genge, na polisi wa mji akageuzwa kichekesho. Vitendo kama hivyo ndivyo vilivyompa Hall sifa. Watu maskini wa mashambani, ambao wengi wao walikuwa wana wa wafungwa kama yeye na waliichukia polisi kwa ubabe wake, walimficha, wakampa chakula na habari.

Lakini mchezo wa bunduki hauna mwisho mwema. Mwezi huo huo genge liliishambulia nyumba ya Henry Keightley, ofisa wa serikali katika machimbo ya dhahabu. Burke alipoteza maisha, na Keightley akashikwa mateka mpaka mkewe alipokwenda Bathurst kuleta pauni 500 za kumkomboa. Mnamo Novemba O'Meally naye akauawa katika shamba la Goimbla, na Vane akajisalimisha. Hall na Gilbert wakampata kijana mwingine, John Dunn. Mnamo Novemba 1864, karibu na Jugiong, Gilbert alimwua Sajini Edmund Parry. Tarehe 26 Januari 1865, katika kijiji cha Collector, Dunn alimpiga risasi na kumwua Konstebo Samuel Nelson, baba wa watoto wanane.

Hakuna mauaji yaliyothibitishwa kuwa ya mkono wa Hall. Watetezi wake hulikariri jambo hilo kana kwamba linafunga mjadala. Halifungi. Aliyeongoza genge lenye bunduki hawezi kunawa mikono na kudai kwamba damu ilimwagwa na mwenzake. Mjane wa Nelson hakuuliza ni kidole cha nani kilichofyatua.

Mwezi Aprili 1865 Bunge la koloni lilipitisha sheria ya namna ya pekee. Mtuhumiwa aliyeitwa na hakimu ajisalimishe naye asijitokeze aliweza kutangazwa kuwa nje ya sheria, na baada ya hapo mtu yeyote aliruhusiwa kumwua bila hata kumtaka asimame. Waliomhifadhi wangeweza kufungwa miaka 15 na kunyang'anywa mali yao. Kiswahili hakina neno moja linalomtaja mtu wa hali hiyo. Tunalo neno haramia, tunalo jambazi, tunalo mnyang'anyi, lakini yote hayo humtaja mtu kwa tendo lake. Sheria ile ilimtaja mtu kwa kumwondoa katika jamii ya wenye haki. Mwizi hushtakiwa, akasikizwa, akahukumiwa. Aliyewekwa nje ya sheria hana wa kumsikiliza.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mtu mmoja aliyekuwa akimpa Hall hifadhi aliwafichulia polisi maficho yake. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1865, kando ya kijito cha Billabong, polisi wakiongozwa na James Davidson walimzunguka akiwa peke yake. Pamoja nao alikuwemo Billy Dargin, mwenyeji wa asili na bingwa wa kufuata nyayo. Hall alijaribu kukimbia, akamiminiwa risasi; mwili wake ulikutwa na majeraha 30 hivi. Zilikuwa zimebaki siku nne atimize miaka 28. Tarehe 7 Mei alizikwa Forbes.

Turudi sasa kwenye daftari la turathi. Kaburi hilo halikuandikishwa peke yake. Liliwekwa katika kundi moja na maeneo mengine ya kisa hicho, yakiwemo majabali ya Eugowra na ile hoteli ya Collector ambako Nelson aliuawa na ambapo pana mnara wa kumkumbuka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye busara. Mgeni anayelia kwenye kaburi la Hall anaonyeshwa pia mahali alipoangukia konstebo. Kuhifadhi si kusamehe, wala si kutukuza. Ni kukataa kwamba upande mmoja tu wa habari ndio ubaki.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Dedan Kimathi alinyongwa na serikali hiyo hiyo ya Mwingereza tarehe 18 Februari 1957, akazikwa Kamiti katika kaburi lisilo na alama. Simlinganishi na Hall. Mmoja alipigania ardhi ya watu wake, mwingine alipora wasafiri. Ninachokilinganisha ni jinsi walivyotendewa baada ya kufa. Kimathi aliitwa gaidi, na hata baada ya uhuru marufuku dhidi ya Mau Mau ilidumu katika vitabu vya sheria hadi mwaka 2003. Mwaka 2007 alisimamishiwa sanamu katikati ya Nairobi. Lakini mjane wake, Mukami, alifariki mwezi Mei 2023 kabla hajaonyeshwa mahali alipolazwa mumewe. Mnyang'anyi wa Forbes ana jiwe lenye jina lake. Shujaa wetu ana sanamu, ilhali familia yake haikupata kaburi la kuinamia.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Mnapofundisha historia au insha, msiwaachie wanafunzi maneno haramia, gaidi na shujaa kama kwamba yalishuka kutoka mbinguni. Waulizeni nani alilitamka neno hilo, lini, na kwa faida ya nani. Kisha waulizeni pia swali la pili, ambalo wapenzi wa mashujaa hulisahau: nani aliumia? Mwanafunzi atakayeyajibu maswali yote mawili kwa uaminifu atakuwa amejifunza historia. Atakayejibu moja tu atakuwa amejifunza kushangilia.