Daniel O'Connell, Mwombezi wa Maskini wa Ireland

Ireland ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, nchi ya mvua nyingi na majani mabichi. Watu wake wengi tangu zamani walikuwa Wakatoliki. Lakini katika karne ya kumi na nane ardhi karibu yote ilikuwa mali ya mabwana wachache wa dhehebu jingine, na sheria zilimkataza Mkatoliki kuketi Bungeni au kuwa jaji. Mkulima alikodi kishamba kidogo. Nafaka na nguruwe wake aliwauza apate kulipa kodi ya bwana, na yeye mwenyewe pamoja na watoto wake wakala viazi.

Katika nchi hiyo alizaliwa Daniel O'Connell, tarehe 6 Agosti 1775, karibu na mji mdogo wa Cahirciveen katika jimbo la Kerry. Jamaa zake walikuwa na mali kiasi. Hata hivyo, kwa desturi ya siku zile, alipokuwa mchanga alipelekwa kulelewa na watu wa shamba katika nyumba yao, akajifunza lugha ya wenyeji kabla ya Kiingereza. Hivyo aliyajua maisha ya maskini kwa kuyaona, si kwa kuambiwa.

Baba yake mkubwa, Maurice, alikuwa mtu tajiri asiye na mtoto, naye alimpeleka Ufaransa kusoma. Wakati huo Wafaransa walikuwa wamemwasi mfalme wao, na damu nyingi ilikuwa ikimwagika. Daniel aliondoka huko Januari 1793, mwezi ule ule ambao mfalme alikatwa kichwa. Akaenda London kusoma sheria, na mwaka 1798 akawa wakili katika Dublin, mji mkuu wa Ireland. Mwaka huo watu wengi wa nchi yake walishika silaha kuipinga serikali. Walishindwa, na maelfu wakafa. Mambo hayo mawili yalimfunza neno moja ambalo hakuliacha mpaka kufa, kwamba haki ya watu idaiwe kwa sheria na kwa umoja, wala isinunuliwe kwa damu.

Tarehe 1 Januari 1801 Bunge la Dublin likavunjwa, na Ireland ikaanza kutawaliwa na Bunge la London. Tangu siku hiyo kila ombi kubwa la watu wa Ireland lilipaswa kuvuka bahari, likasikilizwe na watu ambao wengi wao hawajapata kuiona nchi yenyewe.

O'Connell hakuwa mtu asiye na kosa. Ulimi wake ulikuwa mkali, na mwaka 1815 maneno yake yalimletea ugomvi na mtu mmoja wa Dublin. Wakapigana kwa bastola wawili wawili, kama ilivyokuwa desturi ya waungwana wa wakati huo, na O'Connell akamwua mwenzake. Alijuta maisha yake yote, na kwa miaka mingi alitoa fedha za kumtunza binti wa marehemu.

Kabla ya siku zake, Wakatoliki wakubwa walikuwa wakipeleka Bungeni arzihali, yaani barua za maombi, zilizoandikwa kwa unyenyekevu mwingi. Zilipokewa, zikawekwa kando. O'Connell aliona kwamba arzihali ya watu kumi ni karatasi tu, bali arzihali ya taifa zima ina uzito. Basi mwaka 1823 yeye na wenzake wakaanzisha Chama cha Wakatoliki, na mwaka uliofuata wakamruhusu kila mtu kuingia kwa kulipa peni moja kwa mwezi. Mapadre na wakulima wakakusanya peni hizo katika kila parokia. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya muda mfupi chama kilikuwa na fedha nyingi, na zaidi ya hayo, mtu maskini aliyetoa peni yake alijiona kuwa naye ana neno katika mambo ya nchi.

Mwaka 1828 O'Connell alisimama kugombea kiti cha Bunge katika jimbo la Clare. Kura hazikuwa za siri, na mpangaji aliyempinga bwana wake aliweza kufukuzwa shambani. Hata hivyo wapangaji walikwenda kwa utaratibu, pasipo ulevi wala fujo, wakampa O'Connell kura zao. Serikali ikaogopa vita, na mwezi wa Aprili 1829 sheria ikatolewa ya kuwaruhusu Wakatoliki kuingia Bungeni. Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Sheria nyingine ya wakati ule ule iliwanyang'anya wakulima wadogo haki ya kupiga kura, na hao ndio waliomchagua.

Sasa O'Connell akawa mjumbe wa Bunge, na maskini wakamwona kuwa mlango wao wa serikali. Barua zilimjia kwa wingi. Huyu alimwombea mwanawe kazi ya ukarani, yule aliomba neno la kumsaidia kwa mkubwa fulani. Tangu mwaka 1835 alipatana na mawaziri wa chama cha Whig, naye akawaunga mkono Bungeni. Kwa ajili ya mapatano hayo Wakatoliki walianza kupewa kazi katika polisi, katika ofisi na katika mahakama. Mwaka 1838 yeye mwenyewe alipewa nafasi ya ujaji mkubwa. Akaikataa, asije akafungwa mdomo.

Hakuwaombea watu wake peke yao. Alipigana sana Bungeni ili utumwa uondolewe katika makoloni ya Uingereza, jambo lililoamriwa kwa sheria ya mwaka 1833. Aliwakemea pia wenye watumwa wa Marekani, ingawa baadhi ya wafadhili wake huko walichukizwa. Frederick Douglass, Mwafrika aliyezaliwa mtumwa Marekani akatoroka, alimsikia akihutubia Dublin mwaka 1845, akamsifu sana.

Neno lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa umaskini wenyewe. Mwaka 1833 serikali iliweka tume ya kuuchunguza, chini ya Askofu Mkuu Whately wa Dublin. Tume ilikisia kwamba watu 2,385,000 hawakuwa na riziki ya kutosha kwa muda wa majuma 30 hivi kila mwaka, kwa sababu kazi hazikuwapo. Ikashauri watu wapewe kazi, mabwawa yakaushwe, ardhi itengenezwe, na wanaotaka kuhamia nchi nyingine wasaidiwe. Serikali ikaona gharama ni kubwa mno. Ikamtuma mtu mwingine azunguke Ireland kwa majuma machache, na kwa shauri lake sheria ya mwaka 1838 ikaigawa nchi katika sehemu 130, kila sehemu na nyumba yake ya maskini. Aliyeingia humo alitengwa na mkewe na watoto wake, akafanya kazi ngumu, akala chakula kidogo, ili asiingie ila mtu aliyeshindwa kabisa. O'Connell alibadili shauri mara kadhaa juu ya sheria hiyo, na wengi walimlaumu. Mwishowe aliipinga, akihofu kwamba itaua ukarimu wa jirani kwa jirani, na kwamba nchi maskini haitaweza kuilipia.

Katika mwaka 1843 aliwakusanya watu katika mikutano mikubwa mno kudai Bunge la Dublin lirudishwe. Serikali ilipoupiga marufuku mkutano wa Clontarf mwezi wa Oktoba, na kuleta askari na mizinga, O'Connell aliufuta, watu wasije wakauawa. Hata hivyo alishtakiwa, na mwaka 1844 akakaa gerezani zaidi ya miezi mitatu, mpaka hukumu ikatenguliwa. Vijana wengi wa chama chake walisema kwamba ameogopa, na mwaka 1846 wakajitenga naye.

Lakini msiba mkubwa ulikuwa umekwisha kuingia. Katika mwezi wa Septemba 1845 ugonjwa mpya ulionekana katika mashamba ya viazi. Majani yaligeuka meusi, na viazi vikaoza ardhini. O'Connell alikuwa na umri wa miaka 70. Tarehe 3 Novemba yeye na watu wakubwa wa Dublin walikwenda kwa Lord Heytesbury, mwakilishi wa Malkia katika Ireland, kumpa maombi yao. Waliomba nafaka isitolewe tena nchini, wala isitumiwe kutengenezea pombe. Bandari zifunguliwe kwa chakula cha nchi za nje, na maghala yawekwe kila mahali. Watu wapewe kazi za reli na nyinginezo, wapate mshahara wa kununulia chakula. O'Connell alikuwa ameeleza pia fedha zitokapo: mkopo juu ya misitu ya serikali, na kodi kwa wenye ardhi, na kodi kubwa zaidi kwa wale wasiokaa nchini. Lord Heytesbury akasoma jibu lililokwisha kuandikwa, kwamba mambo hayo yanataka kufikiriwa, kisha akawaaga.

Si kwamba serikali haikufanya neno. Waziri Mkuu, Peel, alinunua kwa siri mahindi ya Marekani ya thamani ya pauni 100,000, na mahindi hayo yaliwaponya wengi mwaka 1846. Lakini mwaka huo viazi viliharibika karibu vyote, na serikali mpya ya Lord John Russell haikutaka kuingilia biashara ya chakula. Nafaka iliendelea kupakiwa melini. Msaada ulikuwa kazi za barabara. Katika kila wilaya kamati za mapadre, wachungaji na wenye ardhi ziliandika arzihali, zikitaja kilima cha kukatwa au njia ya kutengenezwa, na idadi ya watu wenye njaa. Karatasi zilikwenda Dublin, na kutoka Dublin zikaenda Hazina ya London, na watu wakangoja. Mwezi wa Machi 1847 vibarua walikuwa zaidi ya 700,000. Walivunja mawe katika baridi kali, wanawake na watoto pia, kwa mshahara usiotosha bei ya unga, na mara nyingi mshahara wenyewe ulichelewa.

Tarehe 8 Februari 1847 O'Connell alisimama Bungeni mara ya mwisho. Sauti yake, ambayo zamani ilisikiwa na maelfu uwanjani, sasa haikuwafikia hata waliokaa karibu. Wajumbe walinyamaza ili wamsikie mgonjwa huyo. Aliwaambia kwamba nchi yake imo mikononi mwao, na kwamba wasipoiokoa robo ya watu wake wataangamia. Kisha akaondoka kwenda kuhiji Roma, lakini hakufika. Alikufa Genoa, katika nchi ya Italia, tarehe 15 Mei 1847. Moyo wake ulipelekwa Roma kama alivyotaka, na mwili wake ukarudishwa kuzikwa Dublin, katika makaburi ya Glasnevin.

Katika kiangazi cha mwaka huo serikali iliacha kazi za barabara, ikagawa chakula kilichopikwa. Mwezi wa Julai watu 3,000,000 walilishwa kila siku. Ilionekana hapo kwamba jambo hilo liliwezekana. Lakini wahenga husema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ugawaji huo ulikoma baada ya miezi michache, na njaa iliendelea. Watu wapata milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Mwaka 1841 watu wa Ireland walihesabiwa 8,175,124; mwaka 1851 walikuwa 6,552,385.

Njia kuu ya Dublin inaitwa kwa jina la O'Connell tangu mwaka 1924, na sanamu yake imesimama hapo. Aliwafundisha watu maskini kusema na serikali kwa sauti moja, wala wasipige magoti wala wasishike panga. Ombi lake la Novemba 1845 halikukosa hesabu wala adabu; lilikosa msikilizaji.