Simon Kimbangu: Huruma iliyoanzia Nkamba, mpaka gereza la Lubumbashi

Tarehe 12 Oktoba 1951, katika mji wetu wa Lubumbashi, wakati ule ukiitwa Elisabethville, alikufa mfungwa mmoja mzee aliyekuwa amekaa kifungoni miaka 30. Hakuwa mtu wa Katanga. Alitoka mbali sana, kule Bas-Congo, karibu na bahari, na lugha ya mama yake ilikuwa Kikongo. Jina lake Simon Kimbangu.

Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa sababu ya kanisa kubwa linalolibeba, na tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko nchini kote kwa kumkumbuka. Lakini ukiuliza waamini wa makanisa yetu ya Kiprotestanti hapa mjini, wachache wanajua kwamba mtu huyu alikuwa Mbatisti, tunda la misheni kama zetu, na kwamba nusu ya maisha yake, au karibu nusu, aliimalizia hapa hapa kwetu. Wapendwa, acheni nisimulie habari yake, maana inagusa swali ambalo halituachi: uponyaji unatoka wapi, na unakuwa nini pale ambapo mlango wa gereza haufunguki?

Kimbangu alizaliwa Nkamba, yapata mwaka 1887. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na mama mdogo wake aitwaye Kinzembo. Wazee wa Nkamba wamepokezana habari moja ya huyu mama. Siku moja mmisionari Mwingereza, George Cameron wa Misheni ya Wabatisti, alishambuliwa na watu waliotaka kumwua. Akakimbilia kwa Kinzembo. Mama huyu angeweza kufunga mlango, maana mgeni hakuwa ndugu yake wala hakuwa na lolote la kumlipa. Yeye akatoka, akawatuliza waliomfukuza, akampa mgeni maji ya kunywa. Mmisionari akamshukuru, akamwombea baraka mtoto aliyekuwa pale. Mtoto huyo ndiye Kimbangu.

Mimi naipenda habari hii kuliko zote zinazosimuliwa juu yake, ingawa haina muujiza wowote ndani yake. Ni mama mmoja na kikombe cha maji. Itatubidi kuirudia baadaye.

Kijana alikua, akasoma kwa wamisionari wa Ngombe Lutete. Alimwoa Marie Muilu, na tarehe 4 Julai 1915 wote wawili wakabatizwa. Walipata wana watatu: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda, aliyezaliwa mwaka 1918.

Mwaka huo 1918 ndio mwaka wa mafua makali yaliyozunguka dunia nzima mwishoni mwa vita. Kongo haikupona. Vijiji vilizika watu kila siku, na hospitali zilikuwa chache, tena mbali. Watu waliomwamini Mungu na wasiomwamini walikufa sawasawa. Katika wakati huo wa misiba ndipo Kimbangu alipoanza kusikia sauti ikimwita kulichunga kundi la Kristo. Akakataa. Alijiona hana elimu ya kutosha. Kulikuwa na wengine waliosoma kuliko yeye, wachungaji na walimu. Sauti ikarudi. Mwishowe akafanya kama Yona, akakimbia: akaenda Kinshasa kutafuta kazi, akafanya kazi kwenye kampuni ya mafuta ya mawese. Mambo hayakumwendea vizuri kule, akarudi kijijini kulima.

Tarehe 6 Aprili 1921 alikuwa akipita kijiji cha Ngombe Kinsuka. Katika nyumba moja alilala mwanamke aitwaye Nkiantondo, mgonjwa wa kufa. Kimbangu hakuwa ameitwa. Hakutaka hata kuingia. Lakini ndani yake kulikuwa na nguvu iliyomsukuma, akaingia, akaweka mikono juu ya mgonjwa, akaomba kwa jina la Yesu Kristo. Mwanamke akapona.

Tukisoma Injili tunakuta neno hili la kuhurumia likitangulia mara nyingi kabla ya uponyaji. Katika Mathayo 14 Yesu alikuwa amekwenda mahali pa faragha baada ya kusikia kifo cha Yohana Mbatizaji. Makutano yakamfuata, akawaona, akawahurumia, ndipo akaponya wagonjwa wao. Katika Marko 1 ni vivyo hivyo kwa mwenye ukoma: moyo uliguswa kwanza, mkono ukafuata. Mkono ule uligusa mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa. Nadhani nguvu iliyomsukuma Kimbangu kupita mlango ule ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Mtu aliyeona mafua ya 1918 hawezi kupita nyumba ya mgonjwa kama anapita ukuta.

Habari ikaenea haraka kuliko reli. Wagonjwa walibebwa katika tipoi na migongoni mwa ndugu zao kwenda Nkamba. Treni za Matadi na Kinshasa zikajaa. Wafanyakazi waliacha mashamba, wagonjwa waliacha vitanda vya hospitali. Inasimuliwa kwamba vipofu walipata kuona, viwete walitembea, na kwamba mtoto aliyekufa alirudishiwa uzima. Kimbangu alihubiri toba, akakataza hirizi, ngoma za uchafu na ndoa ya wake wengi, na watu wakatupa hirizi zao kando ya njia kwa mafungu. Katika stesheni za misheni za Kiprotestanti, Biblia na vitabu vya nyimbo vikatafutwa kuliko wakati wowote.

Tuseme ukweli wote. Wengine waliofika Nkamba hawakupona. Walikuwako waliofia njiani, na waliorudi nyumbani kama walivyokuja. Nalisema hili kwa sababu siku hizi, kuanzia komini ya Kenya mpaka Katuba, mabango ya mikutano ya uponyaji hayaachi nafasi kwa mgonjwa asiyepona. Huyo huambiwa imani yake ni ndogo, anaondoka na ugonjwa wake na aibu juu yake. Huko ni kuponya bila huruma, kama jambo hilo linawezekana.

Serikali ya kikoloni iliogopa. Mei 1921 msimamizi Léon Morel alikwenda Nkamba kuona kwa macho yake, na tarehe 6 Juni akarudi na askari kumkamata nabii. Kimbangu akawaponyoka, akaishi mafichoni kwa miezi mitatu akiendelea kufundisha. Halafu, Septemba, akarudi Nkamba mwenyewe, mchana, mbele za watu, akakamatwa. Wafuasi wake hawakuinua silaha.

Kesi yake ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi huko Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, chini ya Kamanda De Rossi. Mshtakiwa hakuwa na wakili. Alishtakiwa kuhatarisha usalama wa dola na kuchochea watu dhidi ya wazungu. Tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ikatoka: viboko 120, kisha kifo.

Hapa ndipo kikombe cha Kinzembo kinaporudi. Wakati wafanyabiashara na wengi wa wazungu wa kolonia walitaka auawe, wamisionari wawili wa Kibatisti, Ross Phillips Mwingereza na Joseph Clark wa misheni ya Kiamerika, waliomba ahurumiwe. Ombi likafika Ubelgiji. Mfalme Albert wa Kwanza akabadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha. Siwezi kusema kwamba Waprotestanti wote walikuwa upande wake. Walikuwako wamisionari waliomwona mpotofu, na kuna waliofurahi aliponyamazishwa. Jambo hilo tulibebe bila kulificha. Lakini mtoto wa nyumba iliyomwokoa mmisionari aliokolewa kwa maombi ya wamisionari.

Akaletwa Katanga. Reli ya kutoka bandari ya Port-Francqui, yaani Ilebo, hadi kwetu ilikuwa haijajengwa. Ilikamilika mwaka 1928. Jinsi gani mji wetu ulivyokuwa mbali na Nkamba! Huenda ndiyo sababu uliteuliwa. Mtu wa Kikongo angewekwa mahali ambapo watu husema Kiswahili, Kibemba, Kiluba, Kisanga, na hakuna atakayejua yeye ni nani. Nje ya kuta mji ulikuwa unakua kwa shaba ya Union Minière, treni zikileta vibarua kutoka kila upande. Yeye ndani.

Huduma yake ya hadhara, tukiihesabu tangu Nkiantondo hadi kukamatwa, haikufika miezi 6. Kifungo kilikuwa miaka 30. Aliingia akiwa na umri wa miaka kama 34, akatoka maiti akiwa na miaka kama 64. Katika Matendo ya Mitume sura ya 12 malaika alimtoa Petro gerezani usiku. Sura hiyo hiyo inaanza na Yakobo aliyeuawa kwa upanga, na kanisa lilikuwa likimwombea Petro. Kimbangu hakupata malaika wa Petro. Mkono ule uliowainua wengine kitandani haukufungua komeo lake mwenyewe.

Na wafuasi wake? Maelfu ya watu walihamishwa kwa nguvu na familia zao, wakapelekwa kambi za mbali kama Lowa na Oshwe. Walikaa huko miaka mingi, wengine walizikwa huko. Kimbangu angekuwa amefundisha chuki, hapo ndipo chuki ingechipuka, maana mbolea ilikuwa tele. Walichofanya ni kuomba na kuimba, wakawashuhudia Kristo majirani zao wapya. Kule walikotawanywa, imani ikatawanyika pamoja nao. Nyumbani mama Marie Muilu alilinda waamini kwa siri, akiwa mjane ambaye mumewe yu hai. Ukiniuliza muujiza mkubwa wa habari hii ni upi, nitakuonyesha huyo mama kabla sijakuonyesha umati wa 1921.

Serikali ililitambua Kanisa la Kimbangu tarehe 24 Desemba 1959, chini ya uongozi wa Joseph Diangienda, yule mtoto aliyekuwa na miaka mitatu baba yake alipokamatwa. Mwaka 1969 lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Baadaye yalitokea mafundisho juu ya Kimbangu mwenyewe na juu ya wanawe, yanayowapa nafasi ambayo sisi tunamwachia Roho Mtakatifu peke yake, na mwaka 2021 uanachama huo ukakoma. Hatuwezi kukubaliana na ndugu zetu hapo, nasi tunawaambia hivyo waziwazi. Hata hivyo mtu wa Ngombe Kinsuka aliweka mikono juu ya mgonjwa kwa jina la Yesu, na kwa jina hilo tu. Tusimwache kwa sababu ya waliyoyasema wengine baada yake.

Alizikwa hapa Elisabethville. Aprili 1960, miezi michache kabla ya uhuru, wanawe na waamini walikuja kuichukua mifupa yake, wakairudisha Nkamba, na umati ukaenda kuipokea kama ule wa 1921. Marie Muilu hakuwemo. Alikuwa amefariki tarehe 27 Aprili 1959, ikiwa imebaki karibu mwaka mmoja tu mumewe arudishwe nyumbani.